Leza Inaua Uvimbe, Ini Linabaki na Maradhi Yake

Uvimbe wa saratani wenye upana wa sentimita mbili, uliojificha katikati ya ini, unaweza kuuawa kwa muda mfupi kuliko ule ambao mgonjwa alikaa kwenye foleni ya kumwona daktari. Sindano nyembamba inapenyezwa kupitia ngozi, uzi wa kioo unapitishwa ndani yake, mwanga unawashwa, na baada ya dakika chache seli zilizouzunguka uzi huo zimekwisha kuiva. Hakuna tumbo linalofunguliwa. Ukilinganisha na upasuaji wa kukata kipande cha ini na wiki za kuuguza kidonda, si ajabu kwamba matangazo ya hospitali hupenda kuitaja leza kwa herufi kubwa.

Sina ugomvi na mashine hiyo. Ugomvi wangu ni na swali ambalo matangazo yanamfundisha mgonjwa na ndugu zake kuuliza: "Je, mna leza?" Jibu la swali hilo lina uzito mdogo sana katika kuamua mgonjwa ataishi miaka mingapi. Kinachoamua kwanza ni ukubwa wa uvimbe siku ulipogunduliwa, kisha hali ya sehemu ya ini isiyo na uvimbe, kisha mkono unaoelekeza sindano. Chanzo cha joto huja nyuma ya hayo yote. Zipo nafasi ambapo leza inastahili kuwekwa mbele, lakini ni chache kuliko tunavyoaminishwa.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi, maana nguvu na udhaifu wake vyote vimo humo. Leza iliyozoeleka katika kazi hii hutoa mwanga wa infraredi wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, mwanga ambao jicho haliuoni. Ukiingia kwenye ini hupenya milimita chache tu, humezwa na tishu na kugeuka joto, na kutoka hapo joto lenyewe ndilo linalotambaa polepole kuelekea pembeni. Seli zikifika nyuzi 60 za Selsiasi, protini zake huganda papo hapo na hazina tena pa kurudi. Kwenye nyuzi 50 na kidogo hufa pia, ila zinahitaji kuwekwa humo kwa dakika kadhaa. Shida huanza joto likipita 100. Maji yaliyomo kwenye tishu huchemka, nyama huungua ikawa mkaa, na mkaa huo huzuia mwanga usisonge mbele. Daktari anayeongeza nguvu akidhani anapanua eneo la kuua anaweza kuishia na doa jeusi katikati na saratani iliyo hai pembezoni.

Waitaliano, ambao wameifanyia leza ya ini kazi kubwa kuliko wengi, waliepuka mtego huo kwa subira. Mbinu yao hutumia nguvu ndogo, wati 5, kwa dakika 6, yaani jouli 1800 kwa kila uzi, na uzi wenyewe una unene wa mikromita 300 tu. Uzi mmoja huua eneo lenye upana wa sentimita moja na nusu hivi au pungufu. Uvimbe ukiwa mkubwa zaidi, huchomekwa sindano mbili, tatu, hata nne zilizopangwa kwenye pembe za mraba, zikawashwa kwa pamoja ili joto lao likutane katikati. Huko Frankfurt, Ujerumani, daktari wa picha za mwili Thomas Vogl na wenzake walishika njia nyingine: kifaa kinachopozwa kwa maji, ambacho huruhusu nguvu kubwa bila kuzaa mkaa, huku picha za MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, zikiwaonyesha jinsi joto linavyosambaa ndani ya ini. Wote wawili walikuwa wanaendeleza wazo lililoelezwa na Stephen Bown wa London mwaka 1983, zaidi ya miongo miwili tangu Theodore Maiman awashe leza ya kwanza duniani mwaka 1960. Kwa hiyo anayekuuzia leza ya ini kama uvumbuzi wa juzi anakuuzia kitu chenye umri wa mtu mzima.

Je, inafanya kazi? Ndiyo, na takwimu zipo. Mwaka 2009 ulichapishwa uchambuzi wa wagonjwa 432 wa Italia waliokuwa na sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, pamoja na saratani ya ini iliyo katika hatua za mwanzo. Uvimbe uliuawa wote kabisa katika asilimia 78 ya visa. Hapo msomaji wa haraka angepiga makofi na kufunga ukurasa. Lakini endelea kusoma: nusu ya wagonjwa walikuwa wamefariki kufikia mwezi wa 47, na waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikadiriwa kuwa asilimia 34.

Nambari hizo mbili, 78 na 34, ndizo ninazotaka tuzitazame kwa utulivu. Iweje uvimbe ufe kwa watu karibu wanane kati ya kumi, halafu baada ya miaka mitano wawe wamebaki watatu na kidogo tu? Uzembe wa madaktari hauelezi pengo hilo, wala hitilafu ya leza. Saratani ya ini kwa kawaida haizuki kwenye ini zima lenye afya. Huzuka kwenye ini lililoumizwa kwa miaka mingi na virusi vya homa ya ini aina ya B au C, na pombe, na mafuta yanayorundikana ndani yake, au na sumukuvu ya nafaka na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Ukiuunguza uvimbe mmoja, kila kipande cha ini kilichobaki bado kina historia ileile iliyouzaa. Ndiyo maana hata baada ya upasuaji uliofanikiwa, au baada ya kuunguza kwa njia yoyote ile, saratani hurudi au huzuka upya kwa wagonjwa hadi saba kati ya kumi ndani ya miaka mitano. Wengine hawauawi na saratani kabisa. Huuawa na ini kushindwa kazi, na maji kujaa tumboni, au na mishipa ya koo la chakula kupasuka na kuvuja damu.

Kwa sababu hiyo huwa nasikitika nikisikia familia imeuza mali ili ikatafute leza nchi ya mbali, wakati mgonjwa wao ana macho ya manjano, tumbo limejaa maji na fahamu zinaanza kuyumba. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kuunguza uvimbe kunaweza kumwongezea madhara badala ya siku, kwa kuwa ini lake halina akiba ya kupoteza. Daktari mwadilifu atakataa. Familia nyingi huchukulia kukataa huko kuwa ni ukatili au ukosefu wa vifaa, kumbe mara nyingi ndiyo huduma bora zaidi waliyoipata siku hiyo.

Tumpe basi leza mgonjwa anayeifaa: ini bado linafanya kazi vizuri, uvimbe ni mmoja au viwili vitatu, na kila kimoja hakizidi sentimita tatu. Hapa ushahidi ni mzuri. Jaribio la Italia lililochapishwa mwaka 2015 liliwagawa kwa nasibu wagonjwa 140 wa sirosisi waliokuwa ndani ya vigezo vya Milan, vile vilivyowekwa mwaka 1996 kuamua nani anafaa kupandikizwa ini: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au visivyozidi vitatu na kila kimoja kisizidi sentimita 3. Nusu walitibiwa kwa leza, nusu kwa mawimbi ya redio, ambayo ndiyo njia ya kuunguza iliyochunguzwa kuliko zote. Kwa pande zote mbili uvimbe uliuawa kabisa kwa zaidi ya asilimia 95, na muda kabla ya saratani kurudi mahali palepale ulikaribiana. Kwa mizani yoyote ya haki, hiyo ni sare.

Sare na mpinzani aliyetangulia si aibu. Ila swali linalofuata ni la kibiashara kidogo, na madaktari hawapendi kulizungumza: kama ni sare, kwa nini hospitali nyingi hazina leza ya ini, na miongozo ya matibabu huyataja mawimbi ya redio na maikrowevu, njia nyingine ya kuunguza kwa sindano, kwanza?

Sehemu ya jibu ni kwamba uwanja wenyewe ulibadilika. Wakati leza na mawimbi ya redio vikishindana, maikrowevu iliingia ikawapita wote wawili kwa kasi. Sindano moja ya maikrowevu hupasha joto eneo pana kwa dakika chache, haizuiwi na mkaa kama mwanga unavyozuiwa, na haihitaji hesabu za kupanga sindano nne ziwe sambamba ndani ya kiungo kinachopanda na kushuka kila mgonjwa anapovuta pumzi. Aliyewahi kumwona mtaalamu akijaribu kupanga sindano nne kwa picha ya altrasaundi, huku mbavu zikiziba njia, ataelewa kwa nini wengi walichagua moja. Leza ilishindwa na urahisi. Nadhani katika visa vingi ilistahili kushindwa, maana tiba inayotegemea mikono ya mabingwa wachache haiwezi kuwafikia wengi, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Kuna pia suala la damu. Ini hupitisha damu nyingi sana, na mshipa mpana uliopita kando ya uvimbe hubeba joto na kuondoka nalo, kama sufuria iliyoinjikwa jikoni huku mtu akiimiminia maji baridi upande mmoja. Mishipa yenye upana wa zaidi ya milimita tatu hivi inatosha kuokoa ukingo wa saratani usiungue. Njia zote za joto husumbuliwa na jambo hili, ila maikrowevu husumbuliwa kidogo zaidi kwa kuwa hupasha haraka. Kwa uvimbe uliogusana na mshipa mkubwa, leza si chaguo langu la kwanza.

Hata hivyo kuna vyumba ambamo mwembamba hupita na mnene hukwama. Sindano ya leza ni nyembamba kuliko nyingi za washindani wake, karibu sawa na ile ya kuchukulia sampuli. Fikiria uvimbe ulioegemea kifuko cha nyongo, au uliokaa chini kabisa ya kiwambo kinachotenganisha mapafu na tumbo, au uliopakana na utumbo. Pale unataka eneo dogo la kifo lenye mipaka unayoijua, si moto mkubwa wa haraka. Zile dakika sita za subira na ule uzi unaoua sentimita moja na nusu tu, ambavyo kwingine ni udhaifu, hapa vinageuka kuwa faida. Leza haipitishi umeme mwilini, kwa hiyo haiivurugi betri ya moyo, yaani kifaa kinachopandikizwa kuongoza mapigo yake, jinsi mkondo wa mawimbi ya redio unavyoweza kufanya. Na uzi wa kioo si chuma, hivyo hukaa ndani ya mashine ya MRI bila kuchafua picha, na picha hizo zinaweza kupima joto la tishu wakati tiba inaendelea. Mtaalamu anaona kwa macho yake ni wapi pameiva na wapi bado.

Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyoipeleka leza kwenye ubongo, ambako leo hutumika kuunguza vijisehemu vinavyoanzisha kifafa na baadhi ya vivimbe vilivyo ndani sana. Huko milimita moja ya ziada ni hasara isiyorudi, na hakuna anayetafuta upana. Ulinganisho huo unasema mengi kuhusu ini. Ini husamehe kidogo: ukiua nyama nzima ya ziada kuuzunguka uvimbe, kwa mgonjwa mwenye akiba nzuri, hujafanya kosa, umefanya kinachotakiwa. Wataalamu hutaka ukingo wa angalau milimita 5 wa tishu isiyo na saratani uungue pamoja na uvimbe, kwa sababu vijichembe vya saratani hutangulia nje ya mpaka unaoonekana kwenye picha. Kiungo kinachodai ukingo mpana kinakipendelea chombo chenye mkono mpana. Kwa hesabu hiyo leza iko nyumbani zaidi kichwani kuliko tumboni.

Kuna aina nyingine ya saratani ndani ya ini ambayo mara nyingi huchanganywa na hii: ile iliyosafiri kutoka utumbo mpana ikapanga ndani ya ini lenye afya. Hapa hadithi ni tofauti, maana ini lenyewe halikuwa gonjwa. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio la COLLISION, lililoongozwa kutoka Amsterdam, likilinganisha kuunguza na kukata kwa wagonjwa wenye vivimbe vidogo vya namna hiyo, visivyozidi sentimita 3. Jaribio lilisitishwa mapema kwa kuwa kuunguza kulionekana hakupitwi na kisu katika kuokoa uhai, na kulileta madhara machache zaidi. Ni habari kubwa, na tayari nimeona wenye leza wakiitumia kujipigia debe. Wasiruhusiwe kirahisi hivyo. Waliotibiwa kwa kuunguzwa katika jaribio lile walitibiwa hasa kwa maikrowevu. Ushahidi wa kifaa kimoja hauhamii kwa kingine kwa sababu tu vyote viwili vinatoa joto. Leza ina kumbukumbu zake za miaka mingi kwa saratani hii, hasa zile za Frankfurt, lakini kumbukumbu za kituo kimoja chenye mabingwa wake na jaribio la nasibu la vituo vingi havipimwi kwa mizani moja.

Kwa hiyo ningependa mgonjwa aende na maswali mengine. Uvimbe wangu una sentimita ngapi, na umegusa nini? Ini langu lina akiba kiasi gani? Je, nafaa kukatwa au kupandikizwa kabla hatujazungumzia kuunguza? Nani atashika sindano, na amefanya ngapi? Picha ya kuthibitisha itapigwa lini? Swali hilo la mwisho husahaulika kuliko yote. Baada ya mwezi mmoja hivi lazima ipigwe skani ya CT au MRI yenye dawa ya kung'arisha, ili kuona kama bado kuna sehemu inayokunywa damu ndani ya eneo lililounguzwa. Sehemu inayokunywa damu namna hiyo kwa kawaida ni saratani iliyo hai, na ikigunduliwa mapema inaweza kuunguzwa tena. Hospitali inayokutoza pesa nyingi kwa leza kisha ikakuaga mlangoni bila tarehe ya skani imefanya nusu ya kazi.

Halafu kuna kazi ambayo haina mwanga wala mashine ya kupiga picha nayo. Mgonjwa mwenye virusi vya homa ya ini B anayemeza dawa yake kila siku hupunguza uwezekano wa saratani kurudi. Mwenye aina ya C sasa anaweza kupona kabisa virusi hivyo kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, kwa zaidi ya asilimia 95. Kuacha pombe kunaipa leza muda wa kuwa na maana. Nimesoma ripoti nyingi za matibabu zenye ukurasa mzima wa maelezo ya sindano na mstari mmoja tu kuhusu virusi, na nikajiuliza ni kipi kati ya hivyo kitakachomfanya mgonjwa awe hai mwaka wa tano.

Na kabla ya hapo kuna altrasaundi. Mtu mwenye sirosisi anashauriwa kupigwa picha ya ini kila miezi sita, kwa kuwa uvimbe mdogo wa saratani hii huchukua takriban miezi kama hiyo kuongezeka ukubwa mara mbili. Akifuata ratiba, kuna nafasi nzuri uvimbe ukamatwe ukiwa na sentimita mbili, na hapo leza, mawimbi ya redio na maikrowevu vyote vina la kufanya. Asipofuata, atakuja na maumivu ubavuni na uvimbe wa sentimita tisa, na hakuna uzi wa kioo duniani utakaomsaidia. Mwaka 2022 saratani ya ini iliua takriban watu 758,000 duniani, na waliogunduliwa kuwa nayo mwaka huohuo walikuwa karibu 866,000. Nambari hizo mbili kukaribiana hivyo kunaonyesha ni hatua gani ugonjwa huwa umefika mtu anapoingia kwa daktari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka huohuo watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B ya kudumu, ilhali chanjo yake ipo tangu miaka ya 1980. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto na vijana wa vizazi vilivyofuata ikashuka wazi.

Ningekuwa kwenye kamati ya manunuzi ya hospitali yenye fedha za kifaa kimoja cha kuunguzia, ningenunua maikrowevu, na kilichobaki ningekitumia kuajiri wapiga altrasaundi na kununua dawa za virusi. Leza ningeipigia kura kwenye kituo kikubwa chenye MRI iliyo huru kwa kazi hiyo, timu inayounguza maini kila wiki, na wagonjwa wa kutosha wenye vivimbe vilivyokaa mahali pabaya. Kuna jambo moja linaloweza kunibadilisha msimamo: jaribio la nasibu linaloziweka leza na maikrowevu ana kwa ana kwa vivimbe vidogo vilivyopakana na kifuko cha nyongo, utumbo na kiwambo, likihesabu waliotobolewa utumbo na walioungua mifereji ya nyongo pamoja na walionusurika. Leza ikishinda hapo, nitaandika kuitetea, na swali la "Je, mna leza?" litakuwa na haki ya kuulizwa na wagonjwa hao.